Barua na Majibu: Filamu za Mapenzi ya Shuleni Zisizozeeka

Katika toleo lililopita nilipendekeza filamu za kutazama wakati wa likizo, na miongoni mwake niliweka vichekesho vya mapenzi vya Kimarekani ambavyo wahusika wake ni wanafunzi wa sekondari: Sixteen Candles ya mwaka 1984, Pretty in Pink ya mwaka 1986, Clueless ya mwaka 1995 na 10 Things I Hate About You ya mwaka 1999. Barua zimekuja nyingi, baadhi za kushukuru na baadhi za kulaumu, kwa hiyo safu nzima ya toleo hili nimeitenga kwa ajili yake.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa hisabati na baba wa watoto watatu. 10 Things I Hate About You niliiona kwenye kibanda cha video nikiwa sekondari, na hivi karibuni nimewakuta wanangu wakiitazama kwenye simu na kucheka palepale nilipocheka mimi. Mke wangu anasema ni hadithi nyepesi ya watoto wa matajiri. Je, kuna kitu ndani yake, au watu wa rika langu tunapenda tu kukumbuka ujana wetu? — Mwalimu, Mwanza*

Ndugu Mwalimu, kukumbuka ujana kuna nafasi yake, lakini hakuwezi kuwa jibu lote, kwa kuwa wanao hawana ujana wa mwaka 1999 wa kuukumbuka na bado wamecheka pamoja nawe. Kuna kitu ndani ya filamu yenyewe, na kitu hicho kina umri mkubwa kuliko sinema.

Waandishi wake, Karen McCullah na Kirsten Smith, walichukua kiunzi cha The Taming of the Shrew, tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1590. Katika tamthilia hiyo tajiri mmoja wa mji wa Padua ana mabinti wawili. Mdogo anaposwa na wengi, mkubwa hana anayethubutu kumsogelea kwa ukali wake, na baba anaapa kwamba mdogo haolewi mpaka mkubwa apate mume. Filamu inauhamishia mkasa huo kwenye shule iitwayo Padua, ambayo kwa kweli ni Stadium High School ya mjini Tacoma, katika jimbo la Washington. Mabinti wanapewa jina la ukoo la Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, na kijana anayeletwa kumlainisha dada mkubwa anaitwa Patrick Verona. Baba yao ni daktari wa uzazi ambaye kazini kwake huwazalisha hata wasichana wa umri wa mabinti zake, na hofu hiyo anaifanya kuwa amri ya nyumba: Bianca hatatoka na mvulana mpaka Kat awe na wake.

Kwa msomaji wa kwetu amri hiyo haihitaji maelezo. Zipo koo ambazo mpaka leo huona aibu mdogo akiolewa kabla ya dada yake, na wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Labani na mabinti zake Lea na Raheli. Aliyesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, anamkumbuka pia yule binti tajiri ambaye hawezi kumchagua mume kwa sababu ya wosia wa marehemu baba yake kuhusu masanduku matatu.

Hapo ndipo ninapoona siri ya filamu hizi. Kichekesho cha mapenzi hakisimami bila kizuizi cha kweli kati ya wapendanao, na vizuizi vya zamani, yaani amri ya baba, mali, tabaka na jina la ukoo, vimelegea sana kwa watu wazima wa mijini. Mwanamke wa miaka 30 anayejilipia pango, awe New York au Nairobi, akimpenda mtu anaweza kumwambia jioni hiyohiyo, na mwandishi anayetaka kuwachelewesha kwa saa nzima na nusu analazimika kubuni sababu ambazo mtazamaji haziamini. Msichana wa miaka 17 yuko katika hali nyingine kabisa. Baba bado amesimama mlangoni, saa ya kurudi nyumbani imewekwa, pesa mfukoni hakuna, na shule nzima inamtazama anakaa na nani wakati wa chakula cha mchana. Masharti ambayo Shakespeare aliyakuta katika nyumba za matajiri wa enzi zake yamebaki hai katika maisha ya mwanafunzi wa sekondari, na ndiyo maana tamthilia ya zaidi ya miaka 400 iliweza kuhamia Tacoma bila kuonekana mgeni. Amy Heckerling alifanya vivyo hivyo katika Clueless: alichukua riwaya ya Emma ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1815, akaipeleka Beverly Hills, na yule binti anayejipa kazi ya kuwatafutia wenzake wachumba huku moyo wake mwenyewe haujui akawa Cher Horowitz, ambaye kompyuta yake humpangia nguo za kuvaa asubuhi.

Lakini kiunzi kizuri peke yake hakimfanyi mtu arudie filamu mara kwa mara, na hapa ninaomba uitazame tena sehemu moja pamoja na wanao. Patrick amelipwa pesa na mwanafunzi tajiri ili amtongoze Kat, kwa lengo la kumfungulia njia Bianca. Akiwa kazini ndipo anapompenda kwelikweli, na Kat anaugundua mpango huo usiku wa dansi ya shule. Siku za shule zinazofuata, mwalimu wa Kiingereza anauliza nani yuko tayari kusoma shairi alilotunga kwa kufuata mfano wa Soneti ya 141 ya Shakespeare. Kat anasimama mbele ya darasa akiwa na karatasi yake na kuanza kuorodhesha anayoyachukia kwa kijana yule: jinsi anavyosema naye, jinsi anavyokata nywele, jinsi anavyoliendesha gari la Kat mwenyewe. Beti za kwanza ni za masihara. Katikati sauti inaanza kukatika, machozi yanamjaa, na anamaliza kwa kukiri kwamba hamchukii hata kidogo, kisha anatoka darasani. Mwongozaji, Gil Junger, haweki muziki mkubwa wa kutuelekeza tuhuzunike, wala hawaonyeshi wanafunzi wakimcheka. Julia Stiles alikuwa na miaka 17 walipopiga picha hizo, na Heath Ledger, anayemsikiliza kutoka kitini bila neno, alikuwa na miaka 19. Nyuso zao ni za umri wa watu wanaowaigiza.

Linganisha sehemu hiyo na mwisho wa tamthilia ya Shakespeare. Kule nako mwanamke mkali ndiye anayepewa hotuba ndefu mbele ya watu, lakini hotuba yenyewe ni ya kuwaambia wake wote wawe tayari kuweka mikono chini ya nyayo za waume zao. Filamu imeihifadhi nafasi ya hotuba na kubadilisha kinachosemwa. Kat hapigi magoti mbele ya mtu. Anasema tu kwamba ameumia na kwamba bado anapenda, na darasa zima linanyamaza kumsikiliza. Kijana wa miaka 15 aliyezoea kuambiwa kwamba mapenzi yake ni utoto, na kwamba yatapita, anayaona maumivu yake yakipewa heshima ambayo watu wazima hupewa misibani na mahakamani. Sijui filamu nyingi za watu wazima zinazowaheshimu watazamaji wake kiasi hicho, na ninaamini wanao wameiona heshima hiyo hata kama hawawezi kuieleza.

Mama watoto ana hoja kuhusu utajiri, naye umwambie nimeikubali. Nyumba za filamu hizi ni kubwa, magari ni mengi, na Clueless hasa ni filamu ya watu ambao hawajawahi kuwaza ada itatoka wapi. Swali la msomaji anayefuata linahusu filamu iliyolitazama jambo hilo uso kwa uso.

*Dada Mhariri, shikamoo. Mimi na dada yangu tumenuniana kwa sababu ya Pretty in Pink. Kwa nini Andie anamrudia Blane aliyemwonea aibu mbele ya matajiri wenzake, na kumwacha Duckie aliyempenda tangu utotoni? Dada anasema mapenzi hayalazimishwi. — Msomaji, Arusha*

Marahaba, mdogo wangu. Ugomvi wenu una umri wa filamu yenyewe, kwa sababu hadithi aliyoiandika John Hughes, na ambayo Howard Deutch aliiongoza, mwanzoni ilimalizika kwa Andie na Duckie kuwa pamoja. Ilipoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio mwisho huo uliwaudhi, kwa kuwa walimtaka Blane, na waigizaji wakaitwa tena kuigiza mwisho mpya. Wakati huo Andrew McCarthy, aliyemwigiza Blane, alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya mchezo wa jukwaani, ikabidi avae nywele za bandia. Ukitazama vizuri sehemu ya dansi utaona kichwa chake kimebadilika. Hughes hakulisahau jambo hilo. Mwaka uliofuata, 1987, yeye na Deutch walitoa Some Kind of Wonderful, hadithi karibu ileile iliyogeuzwa, ambamo kijana maskini anamwacha binti anayetamaniwa na wote na kumchagua rafiki yake wa siku zote.

Maoni yangu hayatamfurahisha dada yako, wala wewe. Blane hakustahili kurudiwa upesi namna ile, lakini Duckie naye anayahesabu mapenzi yake kama deni ambalo Andie anapaswa kulilipa, na msichana hana deni kwa mtu aliyempenda bila kuombwa. Nguvu ya filamu iko kabla ya wote wawili. Andie anaishi na baba asiye na kazi katika mtaa wa maskini, anafanya kazi katika duka la santuri, na nguo zake nyingi anazishona au kuzibadilisha mwenyewe. Baada ya kuachwa anakata na kuunganisha magauni mawili kuwa moja, na anamwambia baba yake kwamba atakwenda kwenye dansi peke yake ili wale waliomdharau wajue hawakumvunja. Ningeikata filamu pale anapoingia hotelini akiwa amevaa gauni lile.

*Kwako Mhariri. Nina binti wa miaka 14. Kwa kufuata makala yako tuliketi kutazama Sixteen Candles, nikaona aibu mbele ya mwanangu. Mchina anafanywa kichekesho na msichana mlevi anapewa mvulana kama mzigo. Mlipendekeza kitu hiki mkiwa mnakijua? — Mama, Nakuru*

Mama, ninakipokea kilio chako, na mambo yote mawili uliyoyataja yamo. Mwanafunzi wa kigeni anayeitwa Long Duk Dong huliziwa sauti ya upatu kila anapotokea, kana kwamba kuwa Mwasia ni mzaha unaojitosheleza, na mwishoni kijana anayesifiwa kuwa ndiye ndoto ya kila msichana anamkabidhi mpenzi wake aliyelewa kwa mvulana mwingine ampeleke nyumbani kwa gari. Mambo hayo yalikuwa mabaya mwaka 1984 pia. Ni kwamba waliokuwa wakiumizwa nayo hawakuwa na pa kusemea. Kuna na jambo la alama ya umri ambalo huwapotosha wazazi wengi. Filamu hiyo ilitoka Mei 1984, na alama ya Kimarekani ya kuwaonya wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13 ilianza kutumika Julai mwaka huohuo, kwa hiyo imebaki na alama nyepesi kuliko inavyostahili, ilhali ina matusi na hata sehemu ya uchi.

Aliyelisema jambo hili vizuri kuliko wote ni Molly Ringwald mwenyewe, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo na wa Pretty in Pink. Mwaka 2018 aliandika katika jarida la The New Yorker jinsi alivyoitazama The Breakfast Club, filamu nyingine ya Hughes aliyoigiza, akiwa na binti yake wa miaka 10, na jinsi alivyosumbuliwa na sehemu ambazo ujanani hakuwa na maneno ya kuzieleza, ikiwemo ile ambayo kijana anajificha chini ya meza na kumchungulia msichana aliyeigizwa na yeye. Hakuzikana filamu zile. Alieleza kwamba zimewasaidia vijana wengi waliojiona wapweke, na katika makala hiyohiyo akayataja makosa yake bila kuyapunguza, na mimi naona mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja.

Kinachoifanya Sixteen Candles ishike ni kisa chake cha msingi: msichana anaamka siku anayotimiza miaka 16 na kugundua kwamba nyumba nzima, iliyozama katika harusi ya dada yake, imesahau. Mtoto wa kati katika familia yoyote kubwa anaifahamu asubuhi hiyo. Hata hivyo, kwa binti wa miaka 14 ningeanza na 10 Things I Hate About You, ambayo nayo ina pombe na maneno ya chumbani lakini inamwonyesha kijana akikataa kumtumia msichana aliyelewa: Kat analewa kwenye sherehe, anataka kumbusu Patrick, naye anajizuia. Binti yako akiisha kuiona hiyo, mrudie Sixteen Candles mkiwa pamoja sebuleni, usimwachie simuni, na muulize yule kijana wa ndoto alitakiwa kufanya nini. Nina hakika atakujibu vizuri.

*Assalaam alaykum. Kwa nini filamu za aina hii za siku hizi hazikai moyoni kama zile? — Msomaji, Maskati*

Waalaykum salaam. Ninalaumu simu. Katika Say Anything ya mwaka 1989, Lloyd Dobler hana njia ya kumfikia Diane aliyeachana naye isipokuwa kusimama nje ya nyumba yao alfajiri, redio kaseti ameinyanyua juu ya kichwa, wimbo wa Peter Gabriel ukimfikia dirishani. Leo angetuma ujumbe na kusubiri alama mbili za buluu. Waandishi wa sasa wanalijua tatizo hilo. To All the Boys I've Loved Before, iliyopendwa sana ilipotoka Netflix mwaka 2018, imejengwa juu ya barua tano za mkono zilizofichwa kwenye kasha na kutumwa kwa posta bila idhini ya mwandikaji, na humohumo wahusika wanatazama Sixteen Candles na kuukemea ubaguzi wake. Kwa hiyo nzuri bado zinatengenezwa, nazo ni zile zinazokumbuka kwamba lazima kuwe na kitu kinachomgharimu mtu kusema anapenda.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi na wenzangu chuoni tunaandika hadithi ya filamu ya aina hii kwa Kiswahili. Kwetu hakuna dansi ya shule wala makabati ya wanafunzi kwenye korido. Tuchukue nini na tuache nini? — Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Mwanangu, yaacheni makabati. Dansi ya shule katika filamu za Kimarekani ina kazi moja, ambayo ni kuweka tarehe ambayo kila mtu anaijua na kila mtu atakuwepo, ili mambo yaliyofichwa yasiweze kufichwa tena. Ninyi mnayo mahafali ya kidato cha nne, ambako wazazi wanakuja na mashada ya maua, picha zinapigwa, mgeni rasmi anachelewa, na wavulana na wasichana waliokuwa wakipeana daftari kwa siri miaka minne wanajua kwamba baada ya mtihani wa taifa huenda wasionane tena. Kizuizi nacho mnacho tayari: matroni, uzio wa bweni, ada isiyokamilika, tofauti ya dini, kaka anayesoma shule hiyohiyo. Chagueni kimoja na mkifuate mpaka mwisho, kwa sababu miswada mingi ninayosomeshwa huweka vyote na kisha kuvitatua kwa ajali ya gari au kwa mganga.

Watazamaji wenu wameandaliwa zamani. Kuch Kuch Hota Hai ya Karan Johar, iliyotoka mwaka 1998, ilipendwa pwani na bara, na nusu yake ya kwanza ni hadithi ya urafiki wa chuoni unaogeuka mapenzi kwa upande mmoja. Watu waliolia na Kajol hawatahitaji kufundishwa jinsi ya kuitazama kazi yenu.

Ombi langu kubwa linahusu binti mkuu. Mpeni jambo analolitaka kabla mvulana hajatokea na ambalo ataendelea kulitaka hata akiondoka. Kat wa Padua anataka kusoma Sarah Lawrence, chuo kilicho upande wa pili wa nchi, na baba yake anataka abaki chuo cha karibu na nyumbani. Mvutano huo unaendelea chini ya mzaha wote wa filamu. Baada ya dansi baba anakuja kuketi karibu naye, anakiri kwamba ni vigumu kwake kukubali kuwa bintiye hamhitaji kama zamani, kisha anamwambia ameshatuma hundi ya chuo. Mazungumzo ni mafupi mno, na yamewekwa kabla ya shairi na kabla ya busu la mwisho, kwa hiyo Kat anapomsamehe Patrick tunajua kwamba anamsamehe akiwa na safari yake mkononi. Andikeni mazungumzo ya baba na binti yenu kwanza, kabla hamjaigusa siku ya mahafali, na mkishapata rasimu niletewe niisome.